Nilisema Bondeni Hakuna Watu

Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, na huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu nihame pwani ya Lindi. Nina miaka sabini na nne, ni mgane, naishi Tabora nilikohamishiwa kikazi. Admin, lifiche jina langu na la mji wetu pia. Inatosha kusema uko upande wa Kilwa.

Kazi yangu yote ilikuwa mifumo ya majitaka. Mwaka jana vijana wanaopanga mtambo wa kusafisha majitaka ya mji wetu walinitafuta. Mji umekua, vyoo vinafurika masika, visima vya karibu vimeanza kutiliwa shaka. Walitaka majitaka yasafishwe kwenye mabwawa, kisha yamwagilie bustani na miti, ili maji ya kunywa yabaki ya kunywa. Ni mpango mzuri, hata leo nasema hivyo. Mimi walinihitaji kwa kuwa ni mwenyeji. Nilifurahi mno. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameniita mwenyeji wa mahali popote.

Walitandaza ramani na picha ya angani mezani kwangu, nikawaonyesha bonde. Liko chini kuliko mji, majitaka yangefika yenyewe bila pampu, na udongo wake wa mfinyanzi hauvujishi. Mhandisi wao, binti mwenye adabu, akaniuliza mapaa yanayoonekana pichani ni ya nani. Nikamwambia ni madungu, vibanda vya kulindia mpunga: watu hushuka kulima masika, wakishavuna wanapanda juu na kuyaacha matupu. Ndivyo nilivyolijua bonde tangu utoto.

"Una uhakika, mzee?"

Hapo ningesema kwamba sijakanyaga kule tangu mazishi ya mama, miaka ishirini na sita. Niliona aibu. "Nimezaliwa pale," nikamjibu. Akaandika.

Wapimaji walipofika walikuta nyumba saba, minazi inayozaa na kisima. Lakini taarifa ilisema hapakaliwi, kwa hiyo wote waliandikwa kuwa wavamizi waliokimbilia pale baada ya kusikia habari za mradi. Nyumba ya kwanza kupigwa X nyekundu ilikuwa ya mdogo wangu wa kike. Nitamwita Somoe.

Alinipigia, akaniamkia shikamoo kama kawaida. Kisha akasema, "Kaka, kuna mzee mmoja kawaambia sisi hatupo. Wewe mambo haya umeyasomea, tusaidie kumjua."

Nikamwambia ni mimi. Akacheka kidogo.

"Miaka kumi na tisa naishi hapa. Kila Idi nakupigia. Ulidhani napiga kutoka wapi?"

Na kweli aliwahi kuniambia. Alipofiwa na mumewe alinieleza kwamba ameshuka na wanawe kujenga bondeni. Nilisema alhamdulillahi, nikauliza habari za mvua.

Nimeandika barua mbili. Mkuu wa wale vijana akanipigia, kwa heshima zote. "Mzee, mwanzo ulisema hakuna watu. Sasa unasema wapo, na ni dada yako. Tushike lipi?" Ramani zimeshasainiwa. Nilipokuwa kazini nami niliwahi kuwajibu watu hivyohivyo, nikaenda zangu kula chakula cha mchana.

Somoe alitaka niende, nisimame uwanjani kwake mbele ya wapimaji na majirani. Nikamweleza kwamba neno langu halina uzito tena. Akasema, "Njoo tu, hata wasikusikilize. Hapa sasa hivi naitwa dada wa mwenyeji." Nikasema nitaangalia. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Mwanawe anasema ameanza kung'oa milango mwenyewe, ili mbao zisije zikavunjwa na mashine.

Ninyi wanangu mnaosoma hapa, nisaidieni jambo moja: nimwambie nini mdogo wangu, na kwa njia gani, ili walau anisikilize? Ushauri wa kusafiri msijisumbue kunipa. Nyumba ya wazazi ilianguka zamani, na mtu pekee ambaye angenipokea kule nimemkosesha pa kunipokelea. Sitarudi.