Posa Katika Kibanda cha Ochoki

Ukifika Tabaka ukamuulizia Persis kwa jina lake, huenda usielekezwe upesi. Ulizia yule mama wa barakoa, na hata mtoto wa chekechea atakufikisha langoni. Korona ilipoondoka midomoni mwa watu, ndoo za kunawia zilizokuwa milangoni mwa maduka zilirudi kunyweshea ng'ombe, na barakoa zikawa za kuonekana kwenye mitaro tu. Persis hakuvua yake. Anaivaa sokoni na anaivaa kanisani siku ya Sabato. Huko kanisani huketi kwenye benchi la karibu na dirisha, na kabla hajaketi hulifungua dirisha lenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Hakuwa mwoga. Ni mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi wa ndizi kwa mwiko wa ugali. Sababu yake ilikuwa mumewe, Ochoki, mchongaji wa yale mawe laini ambayo Tabaka inajulikana kwayo. Figo za Ochoki zilikufa wakati ule watu walipokuwa wakianza kuisahau korona. Alikaa muda mrefu akisafishwa damu kwa mashine mjini Kisii, mpaka mdogo wake, Angwenyi, alipojitolea kumpa figo yake moja. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kabla ya kuwaruhusu kurudi nyumbani, daktari aliwaketisha wote watatu akawaeleza kwamba mwili wa Ochoki utaiona figo ile kama mgeni na kutaka kuifukuza. Ili usiifukuze, atameza dawa za kuilaza kinga ya mwili maisha yake yote. Mafua ambayo mwingine angeyamaliza kwa chai ya tangawizi yangeweza kumlaza yeye hospitalini. Korona ingeweza kumwondoa. Chanjo angepata, ndiyo, lakini mwili wake usingeipokea kama miili ya wengine.

Persis aliuliza maswali mpaka akaelewa. Walipofika nyumbani alianza kuyapanga maisha upya, kama mtu anayehamia nyumba nyingine. Wageni wakawa wanapokelewa nje barazani. Mwenye kikohozi akawa anapelekewa chai langoni. Ochoki akawekwa mbali na vumbi la mawe, akawa anachonga jiwe lililoloweshwa maji tu, ndani ya kibanda kisicho na kuta, ambacho Persis alikuwa akikiosha kwa ndoo za maji kila Ijumaa.

"Figo yangu imepata bosi," Angwenyi alizoea kusema, na Persis alicheka pamoja naye.

Majirani hawakucheka wote. Kuna waliosema anaringa, na kuna walionong'ona kwamba ana ugonjwa anaouficha. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwamba Mungu aliyewavusha wakati wa korona hajalala. Persis alimwitikia kwa heshima.

"Ni kweli, mzee. Na wewe usiku unafunga mlango kwa kufuli, na Mungu huyo huyo anakulinda."

Mzee akaaga, akaenda zake.

Basi mwaka jana binti yao Ashley, anayefanya kazi ya uhasibu mjini Kisii na kupanga chumba kule Kiogoro, alileta habari kwamba amepata mchumba. Kijana aliitwa Duncan, mwalimu wa sekondari huko Nyamira. Watu wake walitaka kuja kubisha hodi rasmi, nao watakuwa wengi, wakiongozwa na shangazi yake Nyanchoka, aliyemlea.

Ashley alimfuata mamake jikoni. "Mama, nina ombi. Siku hiyo moja tu, usivae hiyo kitu. Watafikiri tunawaona wachafu."

Persis aliendelea kuchambua mboga za saga. "Wakifikiri hivyo, nitawaeleza. Baba yako akiugua, nitamweleza nani?"

Ashley alivuta kigoda, akaanza kuchambua naye. Hakuwa mtoto mbaya. Aliwahi kulala sakafuni hospitalini kando ya kitanda cha babake. Lakini aibu ya mbele ya wakwe ni kitu kingine.

Neno lililomchoma Persis lilitoka kwa Ochoki mwenyewe. "Mama Ashley, mimi nakutii kwa yote. Lakini siku hiyo nataka kuketi na wakwe zangu kama baba wa binti. Sitaki kuwapungia mkono kutoka mbali kama afisa wa afya."

"Utaketi nao," Persis alimwambia. "Kazi ya kutafuta mahali niachie mimi."

Akaanza kutafuta. Walikodi hema, likasimamishwa kwenye nyasi, pande zake zote zikiwa wazi. Akataka wageni waje asubuhi, maana mvua ya Gusii hupenda mchana. Akampigia Duncan simu mwenyewe, akamweleza habari za Baba Ashley bila kuficha, na kumwomba kwamba mwenye homa au kikohozi asije safari hii, ataletewa kuku wake baadaye. Duncan aliahidi kuwaambia watu wake. Aliwaambia wajomba. Shangazi hakumwambia. Alijua kitu kumhusu shangazi yake ambacho Persis hakukijua, akaona bora anyamaze.

Jumapili ya posa ilipofika, hema lilipendeza na kuku waliiva mapema. Lakini gurudumu la gari la wageni lilipasuka kabla hata hawajafika Kisii mjini, na walipoingia lango la Ochoki ilikuwa mchana, na jua lilikuwa limekwisha kujificha mawinguni. Nyanchoka alishuka wa kwanza, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Alinyoosha mkono kumsalimia Persis. Persis aliupokea, lakini Nyanchoka alipotaka kumkumbatia, alirudi nyuma kidogo na kuinamisha kichwa kwa heshima. Macho ya Nyanchoka yalitua kwenye barakoa, yakakaa hapo, kisha yakageuka upande.

Hawakuwahi kuketi. Mvua ilishuka na upepo wake, ikalitikisa hema, ikaangusha kona yake moja. Wageni walishika nguo zao wakakimbilia mahali ambapo mtu yeyote angekimbilia, ndani ya nyumba. Kufumba na kufumbua sebule ilijaa mpaka kwenye mikono ya viti. Mtu mmoja, kwa nia njema, alifunga madirisha ili mvua isilowanishe makochi.

Ochoki alibaki barazani, barakoa usoni, akimtazama mkewe. Persis aliyasoma macho yale. Kumbakiza nje kulimaanisha baba aposewe binti kupitia mlangoni. Kumwingiza ndani ya sebule ile, na pumzi zile zote na madirisha yamefungwa, hakuweza. Na kumtoa mkwe nyumbani ni jambo ambalo hakuwahi kusikia likifanywa na mtu yeyote wa pande zile.

Akawaagiza wanawake wa boma wapeleke chakula na mablanketi kibandani, kisha akaingia, akasimama katikati ya sebule.

"Wakwe zangu, nawaomba tutoke. Tunaenda pale kwenye kibanda cha mzee."

Nyanchoka alikuwa tayari ameketi. "Mama, nimetembea nyumba nyingi kwa ajili ya watoto. Sijawahi kutolewa nyumbani kwa mkwe."

"Na mimi sijawahi kumtoa mgeni," Persis akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza, na nitakutoa nikikushikia mwavuli. Mume wangu anaishi kwa figo ya ndugu yake. Dawa zinazomweka hai zimemnyang'anya kinga. Tukifungiana humu naye, nitakuwa nimefurahia siku ya binti yangu huku namweka baba yake hatarini. Tukimwacha nje, mtakuwa mmekuja kuomba msichana kwa baba ambaye hamkukaa naye. Kibanda kina paa na hakina kuta. Nimeshakiosha. Na chakula kiko njiani kuelekea huko."

Ilikuwa kweli. Kupitia mlangoni wakaona wanawake wa boma wakivuka uwanja na sufuria vichwani, mvua ikiwapiga, wala hawageuki. Mjomba mmoja wa Duncan akacheka. "Mimi nafuata sufuria," akasema, akanyanyuka. Wengine wakamfuata. Nyanchoka alikuwa wa mwisho. Alikubali mwavuli, lakini njia nzima alitembea akiwa amegeuza uso.

Katika kibanda, mawe makubwa ambayo hayajachongwa yalikuwa yamepangwa kuzunguka, yametandikwa mablanketi. Kila mtu akapata jiwe lake. Kando walisimama viboko na twiga ambao hawajakamilika, mmoja hana masikio, mwingine hana miguu. Ochoki aliketi upande ulioelekea upepo, karibu kiasi cha kila mtu kumwona. Mvua ilipiga mabati kwa kelele hivi kwamba msemaji wa wageni alipofungua mdomo hakusikika hata na jirani yake. Kwa hiyo wakala kwanza. Wakala ugali wa wimbi na kuku, wakiombana mchuzi kwa ishara za mikono, na kabla mvua haijapungua wazee wa pande mbili walikuwa wakionyeshana yule kiboko asiye na masikio na kutikisika kwa vicheko.

Mvua ilipolegea, mazungumzo yalikwenda bila kukwaruzana. Angwenyi aliongea kwa niaba ya nyumba. Kisha Ochoki akaongea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa hafifu nyuma ya barakoa, na wageni wakainama mbele ili wasikose neno. Aliwaambia kwamba kulikuwa na mwaka ambao hakutegemea kuifikia siku kama hii. Aliwaambia kwamba Ashley ni mkaidi kama mamake, na kwamba ukaidi huo ndio uliomweka yeye juu ya jiwe hilo leo. Persis, aliyekuwa akigawa uji, alijifanya hasikii.

Walikubaliana. Wakasali. Watu wakaanza kunyoosha miguu uwanjani.

Persis alikuwa kwenye tangi akiosha vyombo Nyanchoka alipomfuata, akasimama mbali kidogo.

"Nikwambie kitu," Nyanchoka alisema. "Sikukasirika kwa sababu ya nyumba. Ni hicho ulicho nacho usoni."

Persis aliweka sufuria chini.

"Mama yangu alikufa wakati wa korona. Yeye ndiye aliyenisaidia kumlea Duncan. Waliomleta walivaa mavazi meupe toka juu mpaka chini, nyuso zimefunikwa. Hatukumwosha. Hatukufungua jeneza. Tuliimba wimbo mmoja tukiwa kwenye shamba la chai, mbali. Mpaka leo sijui sura ya mtu hata mmoja aliyemshusha mama yangu kaburini. Nyumbani tulikubaliana tusilitaje jambo hilo tena. Sasa mtu akisimama mbele yangu na barakoa, naona ni siku ile tena."

Persis alikuwa amejitayarisha kujibu dharau. Hii haikuwa dharau. Aliikausha mikono yake kwenye leso. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka kwenye uwazi, ambapo upepo wa baada ya mvua ulikuwa ukipita, akaivua barakoa na kumwangalia.

"Nje hapa, na upepo huu, na wewe uko huko, naweza," alisema. "Sura yangu ni hii."

Nyanchoka alimtazama kwa muda mrefu. "Kumbe sura ya Ashley ni yako," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, naye hakuyafuta.

"Mama aliitwa nani?"

"Kwamboka."

"Nieleze habari zake."

Akaeleza. Alimweleza jinsi Kwamboka alivyokuwa akichuma chai kwa mikono miwili huku akigombana na mtu wa shamba la pili, na jinsi alivyomtandika Duncan kwa kuruka darasa, halafu akampikia mayai kwa kumhurumia. Wanawake wale wawili walisimama hivyo, kila mmoja upande wake wa tangi, mpaka gari lilipopiga honi mara ya tatu.

Miezi michache baadaye, wakati harusi ikikaribia, Ochoki aliamka na homa. Persis hakungoja kuona kama itapita. Walikuwa hospitalini kabla chai haijachemka, akapimwa, ikawa ni korona. Ilitoka wapi, hakuna aliyejua. Alianzishiwa matibabu siku hiyo hiyo, akalazwa, akawekewa oksijeni kwa muda mfupi, kisha akarudi nyumbani amekonda lakini anatembea kwa miguu yake. Yule mzee wa kanisa alikuja mpaka langoni kumpa pole.

"Sasa unaona, Mama Ashley. Pamoja na barakoa zote hizo."

"Naona," Persis akamjibu. "Miaka yote hii imempata mara moja, tukamwahi. Bila hizo ingempata mara ngapi?"

Kisha akamuuliza kama angependa chai, na mzee akainywa akiwa amesimama pale pale langoni.

Harusi ilisogezwa mbele. Persis alikuwa amejiandaa kuwaomba radhi watu wa Nyamira, lakini Nyanchoka alikuwa amekwisha kuwaambia. Yeye ndiye aliyewaita ndugu zake nyumbani, akaitaja korona kwa jina, akalitaja na jina la mama yao, kisha akasema harusi itafanyika Baba Ashley akipona, na itakuwa uwanjani. Kama kuna mtu aliyepinga, habari zake hazikufika Tabaka.

Ikafanyika hivyo. Ochoki alimtembeza binti yake juu ya nyasi za Nyamira, polepole, akipumzika mara moja njiani, na Duncan alisubiri bila haraka. Ochoki alipopewa nafasi ya kuongea aliongea sana, kama wafanyavyo akina baba, na upepo ukachukua nusu ya maneno yake. Persis na Angwenyi walibeba sahani zao hadi kando ya ua wa miti, mbali na msongamano, wakala huko. Angwenyi alikuwa akimwangalia kaka yake.

"Bado anaongea," alisema.

"Mwache aongee," Persis akasema, na akampungia mkono msichana wa chakula amwongezee ndizi.