Kahawa Juu ya Kaburi la Gaspar

Kuanzia mwaka huu wa bajeti, kila shule ya msingi nchini imeunganishwa na mtandao. Ndivyo wizara ilivyotangaza, na shule yetu ya hapa milimani Manggarai haikuwa na sababu ya kubisha. Kifaa kilikuwepo ukutani, cheupe, kimefunikwa kitambaa alichokidarizi Blandina ili kisiingiwe na vumbi. Umeme wake ulikuwa kwenye bajeti ya mwaka mwingine.

Blandina ndiye mwandikaji wa takwimu za shule, kazi aliyopewa miaka tisa iliyopita kwa kosa la kujua kupiga chapa. Mtoto asiyesajiliwa mtandaoni kabla ya Agosti kwisha hapati cheti cha darasa la sita. Safari hii walikuwa kumi na tisa, na tarehe ilikuwa thelathini na moja, saa tisa alasiri.

Simu kijijini hushika mahali pamoja tu: uani kwa Mama Yovita, juu ya kaburi la saruji la mumewe Gaspar, upande wa msalaba. Blandina alifika na kompyuta mgongoni na sigara moja ya kumpa marehemu, kama ilivyo desturi ya hapa. Akakuta kaburi zima limeanikwa kahawa.

Akaomba nafasi. Mama Yovita akamweleza kwa upole kwamba jua halina wizara, na kahawa ikilala na unyevu huota ukungu.

"Nipishe hapo kichwani tu, Mama. Nitakunja miguu."

"Alipokuwa hai hakuna mwanamke aliyemganda hivi," akasema Mama Yovita, akisogeza kahawa kwa kiganja. "Kaa. Ila miguu usikunje. Nigeuzie kahawa."

Blandina akawasha sigara, akaiweka chini ya msalaba, akamtaka mzee radhi, akaketi. Vidole vikaandika, nyayo zikageuza kahawa. Kila jina lililopita alilitaja, na Mama Yovita akaongeza habari za ukoo wa mtoto huyo, nyingine ambazo fomu haikuziuliza. La kumi na tisa, la mjukuu wa Mama Yovita mwenyewe, lilipita jua likigusa mlima.

"Na huyo hata kufagia hajui," akasema bibi, akijifuta macho.

Mwisho fomu iliuliza kama shule imeunganishwa. Haikukubali kutumwa bila jibu, na jibu la kuchagua lilikuwa moja: Ndiyo.

Watoto wote kumi na tisa wana vyeti. Shule yetu imo kwenye orodha ya shule zilizounganishwa. Uthibitisho ulitumwa jioni ile, kutoka kaburini kwa Gaspar.