Maneno Matatu Niliyoyaongeza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga pasi shati, nikafunga tai, kisha nikaketi chumbani mwangu kusubiri simu. Ofisi haikuwepo. Mwandishi wa redio ya ng'ambo katika mji kama Bunia ni mtu mwenye simu, kinasa sauti na blanketi. Blanketi ni la kujifunika kichwa unaposoma taarifa, ili mwangwi wa mabati na ngurumo za pikipiki zisiingie. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililigundua baada ya kurudia taarifa moja mara kumi na tisa, jasho likidondokea karatasi.

Nyinyi mnaoanza sasa mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Kustaafu ni neno la wazee, nami nina miaka thelathini na mitatu. Lakini nimeacha na sitarudi, kwa hiyo nitalitumia.

Mkuu wangu alikuwa mhariri wa zamu, yaani yule anayepokea taarifa na kuamua kama itasomwa hewani. Alikaa mji wa mbali, sikuwahi kumwona. Siku hiyo ya kwanza aliniambia kwa simu, "Unasema 'iko na watu'. Sema 'kuna watu'. Halafu pumua, kijana. Hakuna anayekukimbiza."

Niliandika sahihisho hilo kwenye daftari. Daftari lilipojaa nilinunua jingine. Nilijifunza kazi peke yangu, kwa kusikiliza taarifa za wenzangu na kuziandika neno kwa neno, na nilikuwa na hofu kwamba siku moja mtu angegundua sijasoma popote. Kwa hiyo nilitaka kila sentensi iwe kamili, isiyo na tundu.

Kanuni kubwa ya mhariri ilihusu chanzo, yaani mtu aliyekupa habari. Jina lake unaweza kulificha, lakini lazima useme ni nani. "Msikilizaji hakuamini wewe," alikuwa akisema. "Anamwamini aliyeona."

Chanzo changu bora kilikuwa mkunga wa kijiji kimoja nje ya Marabo. Kila shambulio lilipotokea upande ule, yeye ndiye aliyewaosha waliouawa kabla ya mazishi. Asubuhi moja alinipigia simu, sauti yake ikiwa imekauka.

"Nimehesabu mara mbili," alisema. "Nilijua weye utaniuliza tena, unapenda kuuliza kama polisi."

"Aksanti, Mama. Na watoto?"

"Watoto iko ndani ya ile hesabu. Usinifanye nibatenge na wakubwa."

Niliketi chini ya blanketi nikaandika: "kwa mujibu wa mkazi mmoja". Nikaisoma. Ilinikera. Mkazi gani? Mkazi anaweza kuwa mlevi aliyesimuliwa na mlevi mwenzake. Nilifuta, nikaandika "mkunga wa kijiji". Maneno matatu. Mhariri alifurahi. "Hii imesimama," alisema, nami nilitembea siku nzima nikijirudia hayo.

Siku ya tatu baada ya taarifa kusomwa hewani, dereva wa pikipiki aliyezoea kunipeleka upande ule alisimama mlangoni kwangu. Hakuzima injini.

"Yaya, kaka yangu, ule mama alikimbia," alisema. "Batu ba bunduki walikuja kuuliza iko wapi mukunga mwenye anahesabu maiti. Alipita mu mihogo na mutoto ku mugongo. Nyumba walichoma."

"Sikutaja jina lake," nilisema.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Kijiji yote iko na mukunga mumoja tu. Weye ulifikiri bale ba mu pori habana radio?"

Nilimpigia mhariri nikamwambia yote, nikisubiri kufukuzwa. Akasema, "Kanuni hukuivunja." Angenitukana ningelala.

Niliomba kuacha habari za vita. Redio moja ya hapa mjini ikanichukua kuandika siasa: mikutano ya vyama, ofisi ya gavana, matamko yasiyotamka kitu. Nilidhani huko sitamdhuru mtu. Kweli, katika siasa kila mtu hutaka atajwe. Mheshimiwa mmoja alinipigia simu kulalamika kwamba jina lake lilitokea la pili.

"Huyu mwenye uliweka mbele yangu," aliuliza, "alikupa nini?"

"Alizungumza wa kwanza, Honorable."

"Basi kesho nitakuja mapema."

Mkurugenzi wa habari, mzee tuliyemwita Papa, alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuweza. Niliandika siasa kwa miaka minne, na kila nilipofika kwenye neno "mkazi" mkono ulisimama. Mwishowe taarifa ya dakika moja ilinichukua siku mbili. Papa aliniita, akanifungia mlango. "Mutoto yangu," alisema, "weye unaumwa na kazi. Enda pumzika." Ndivyo nilivyostaafu.

Nilimwona mkunga wangu mwaka huu, hapa Bunia sokoni, akitwanga sombe, yaani majani ya mihogo, ya kuuza. Alinitambua kabla sijaamua kukimbia. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi kwa miaka. Hakuacha kutwanga.

"Hesabu ilikuwa ya kweli?" aliuliza. "Uliisoma yote?"

"Yote, Mama."

"Basi bale batu banajulikana." Alitwanga kidogo. "Na mimi, utaniandika tena?"

"Ukikataa, hapana."

"Andika. Lakini usiniweke mimi ndani."

Kwa hiyo hakuwa mkunga. Kijiji hakikuwa upande wa Marabo, na anachouza sokoni si sombe. Mliotaka kujifunza kazi, hilo ndilo nililo nalo la kuwapa. Nimesoma ukurasa huu mara nyingi nikitafuta neno moja litakalomfikisha mtu kwake. Sijalipata. Lakini hata mara ile sikuliona.