Mama Anakwenda Ulaya Kukaa Tu

Nakiri mapema ili tusisumbuane: mimi ndiye niliyeandika kwenye fomu ya viza ya mama yangu, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba anakwenda Ulaya kufanya kazi. Na sikuishia hapo. Penye cheo nikaweka "Mkandaji Mkuu". Penye mwajiri, jina la dada yangu. Penye mshahara, "uji utakaobaki". Yote kwa Kiingereza safi, maana nyumbani kwetu Kiingereza ni idara yangu.

Dada kaolewa huko. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, zimebaki wiki saba. Akatutumia sauti kwenye simu, nusu analia nusu anacheka, anasema huko mwanamke anazaa asubuhi, jioni anarudishwa kwake, na anapewa mkate wa jibini na maji ya barafu. Mama aliposikia maji ya barafu alitafuta pa kukaa. Kwetu mzazi haguswi na maji baridi mpaka arobaini iishe. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, ananyweshwa uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke. Nani angemfanyia hayo? Shemeji? Shemeji alipokuja harusini alilia kwa achari.

Basi fomu zikapatikana, nikakaa na mama jikoni.

"Madhumuni ya safari," nikasoma. "Unakwenda kufanya nini, mama?"

"Kumkanda dadako asubuhi na jioni. Kumpikia. Kumwogesha mtoto. Kufua, kufukiza udi, na kumzuia yule mume asifungue madirisha."

"Mama, hayo si matembezi. Hiyo kazi."

"Kazi kubwa," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Fomu zilikuwa mbili. Ya kwanza nikaijaza upuuzi, nikaipiga picha, nikamtumia dada acheke. Ya pili nikaijaza kwa adabu zote. Mama akatia saini zote mbili, maana nilimwambia moja ya akiba, naye akaniamini. Hilo la kuaminiwa linaniuma mpaka leo. Si kila siku, lakini linauma.

Alhamisi asubuhi nikaenda zangu skuli. Kipindi cha Jiografia, nafungua daftari nitafute milima, naikuta fomu ya adabu imelala humo, imenyooka, haina hata kunyanzi. Maana yake ile nyingine iko kwenye bahasha, na bahasha iko kwapani mwa mama, na mama yuko kwa konseli.

Usifikirie jumba lenye walinzi. Konseli wa heshima ni mzee wa hapa hapa Mji Mkongwe, muuza miwani. Nchi ile haina ubalozi Unguja, ndiyo ikamwomba awe mtu wake. Bendera yao imesimama pembeni ya ule ubao wa herufi za kupimia macho. Akiuza miwani amevaa kanzu na kofia. Akiingia mtu wa viza anachomoa koti jeusi msumarini, analivaa juu ya kanzu, na sauti inashuka palepale. Viza yeye hatoi. Anapokea karatasi, anazikagua, na kila Alhamisi anazituma kwa boti ya mchana kwenda ubalozini Dar es Salaam.

Nikamwambia mwalimu tumbo linaniuma. Nikakata vichochoro vya Mkunazini mbio, nikamkumba mtalii mmoja na koni yake ya aiskrimu, nikamwomba radhi kwa lugha tatu bila kusimama.

Nilipoingia dukani mzee alishavaa koti. Mama amekaa wima kwenye kiti cha kupimiwa macho, mkoba mapajani.

"Bibi," mzee anasema, "hapa umeandika unakwenda kazini."

"Kazini? Kazi gani, shekhe, na magoti haya?"

"Mkandaji Mkuu."

Mama hakuitazama fomu. Alinitazama mimi mlangoni.

"Naam," nikaitika, na hakuna aliyeniita.

"Shikamoo," nikaongeza, kwa mzee.

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi?" Akavua miwani. "Mwanangu, macho yangu haya kwa bahati leo mazima. Ningeifunga hii bila kusoma, huko wangemkatalia. Na jina lake lingebaki kwenye kompyuta zao, mtu aliyetaka kuingia kwa viza ya kutembea akafanye kazi. Angejaribu tena lini? Huyo binti angekuwa keshazaa, na arobaini ishapita."

Nilikuwa na mzaha ulio tayari mdomoni. Ukarudi wenyewe. Mama alikuwa ameushika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili, mikono ile inayokanda unga wa chapati za watu kumi, kama anayeogopa kunyang'anywa.

Nikatoa fomu ya adabu. "Hii ndiyo yenyewe. Saini yake ipo."

"Saini yangu ipo," mama akasema, "lakini sasa nataka kujua iko chini ya nini. Shekhe, nisomee. Yote. Kwa Kiswahili."

Mzee akasoma yote, mpaka mahali pa kuzaliwa bibi yangu. Wateja wawili wa miwani wakasubiri. Wa tatu akavuta kigoda asikilize. Mzee akafika kwenye madhumuni: kumtembelea mwanawe anayejifungua.

"Na wakikuuliza, bibi, huko utafanya nini mchana kutwa?"

Mama akaogopa. Nilimwona. Akasema, "Kukaa. Nitakaa tu."

Nikaangalia dari. Mwanamke huyu hata chakula anakula amesimama.

Mzee akacheka mpaka koti likamshuka bega. "Mke wangu kaenda 'kukaa tu' mara tatu, na kila akirudi namkanda mimi! Usidanganye, bibi. Waambie unakwenda kumsaidia mwanao kama mama. Umama hauhitaji kibali cha kazi." Akaiandika sentensi hiyo kwa mkono wake, mama akatia saini upya, bahasha ikawahi boti.

Njia nzima kurudi nyumbani mama hakunisemesha. Wala siku iliyofuata. Akavuka bahari kwenda ubalozini kutoa alama za vidole, akarudi, bado kimya. Pasipoti ikaja na viza, akafunga pilipili manga kilo mbili, uwanja wa ndege akanipa mkono kama mgeni wa kamati. Nilijaribu vichekesho vyangu vyote, havikununuliwa.

Siku ya kumi na moja tangu aondoke, simu ikalia. Nyuma mtoto analia, dada anacheka, sufuria inagonga sufuria. Mama akasema hivi, neno kwa neno:

"Dadako mzima, mtoto mzima. Sura kachukua yako. Tabia, nnamwomba Mungu usiku na mchana."