Sinema ya Watu Waliohama

Mama yangu hakutaka kuhama Ivuna. Kule alikuwa na kazi yake ya chumvi; tangu usichana alijua kuchota udongo wenye chumvi, kuuchuja na kuyachemsha maji yake mpaka yakauke. Lakini baba alipewa shamba Iyula na mjomba wake, akaambiwa kahawa inakubali, basi ikawa imeamuliwa. Tulipanda mlima kutoka bonde la Rukwa kwa miguu. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikabeba kuku kwenye tenga, na baba akajitwika mlango.

Mlango wa nyumba. Aliuchonga mwenyewe kwa mninga, akaapa hauachi. Kila tulipopumzika, wapita njia walimwuliza, "Na nyumba yenyewe iko wapi, bwana?" Baba alijitwika tena akaendelea. Mama alitazama pembeni kama vile hamjui.

Iyula tulikuta baridi ambayo mifupa yetu haikuizoea. Mama alilima, akapika, akatufulia, ila kucheka hakucheka. Kijitoni wanawake wa Kinyiha walimsalimu kwa adabu, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Yeye lugha yake ilikuwa Kinamwanga, na Kiswahili alikijua kidogo tu; alijaza mtungi wake na kurudi nyumbani kimya. Mimi nilimfuata nyuma, nikitamani mtu yeyote amwite.

Mahindi ya mwaka wa pili yalikuwa yameanza kukauka lilipokuja gari la sinema la serikali. Lilisimama kwenye uwanja wa shule ya misheni. Wakatundika shuka kubwa nyeupe, mashine ikaanza kunguruma, na giza lilipoingia tu picha zikawaka. Kwanza tulionyeshwa namna ya kuchimba choo na kupogoa mibuni. Wazee wakasinzia. Halafu ikaja picha ya kuchekesha. Haikuwa na sauti. Mtu wa sinema alieleza kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti, na katekista wetu akageuza kwa Kinyiha.

Ilikuwa habari ya familia moja iliyohama bara kwenda pwani. Bibi alikalia kinu chake akakataa kuondoka, ikabidi wampakie kwenye lori pamoja nacho. Mbuzi akala kofia ya dereva. Walipofika stesheni, mume alikumbatia kabati lake la vioo, hataki mtu aliguse, akapanda nalo treni. Treni ikang'oka. Mke amebaki chini na mwavuli.

Hapo mama akapiga kelele kwa Kiswahili, "Jamani, huyo ni mume wangu kabisa! Ila wangu mimi alibeba mlango!"

Mwanamke aliyekaa mbele yetu akageuka. "Mlango gani, mama?"

"Wa nyumba! Toka Ivuna mpaka hapa, kichwani!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilijikunyata, maana baba alikuwa amesimama na wanaume nyuma yetu, naye hakuwa mtu wa kutaniwa.

"Sasa huo mlango uliingia kwenye nyumba ya huku?" mwanamke akauliza.

"Mwulizeni mwenyewe," mama akasema.

Vichwa vikageuka nyuma. Kisha nikaisikia sauti ya baba, polepole, "Haukuingia. Nilibomoa ukuta."

Sijui kama kuna sinema iliyowahi kuchekesha watu kiasi kile. Katekista alishindwa kutafsiri. Mama alicheka mpaka akalala kwenye nyasi, machozi yanamtoka, na baba naye akacheka, mkono mdomoni kama mtu anayekohoa.

Mvua ilitufukuza kabla picha haijaisha. Mpaka leo sijui kama yule mke wa stesheni alifuatwa.

Kesho yake kijitoni walimzunguka mama. "Hebu tueleze tena huo mlango." Akaeleza, Kiswahili kilipomwishia akaonyesha kwa mikono, nao wakampa maneno ya Kinyiha ya kujazia. Mitungi ilikuwa imeshajaa zamani, na hakuna aliyeinuka. Jioni wawili wakaja nyumbani kuutazama mlango wenyewe, wakaugonga, wakaufungua na kuufunga. Mmoja alituletea mbegu za maharage yanayostahimili baridi.

Mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa, wanawake hao ndio waliomkanda mama na kumpikia uji. Mtoto huyo alianza kusema kwa Kinyiha, na mama akawa anamjibu kwa Kinyiha hichohicho.