Mafungu ya Vijiti Chini ya Kitanda

Tulihamia nyumba ile ya Woodbridge, huku Marekani, kwa ajili ya mama. Alikuwa amefika kutoka Bukavu, na nilitaka apate chumba chake. Nyumba ilikuwa kuukuu. Mafundi tuliowaita kuikarabati walipobomoa kuta walikuta hita imeoza, wakaing'oa, na baridi ikatukuta hivyo hivyo. Kilichobaki ni jiko la kuni la chuma sebuleni, basi sote tukahamia humo na magodoro yetu.

Mimi na mume wangu tulihangaika nalo siku tatu. Moshi tu. Mama alituangalia mpaka akachoka.

"Weye, nani alikufundisha kuweka kuni mingi hivi? Ondoka pale."

Tangu siku hiyo jiko likawa lake. Aligonga kila gogo na kusikiliza kama limekauka. Jioni alifukia makaa chini ya majivu kama alivyofanya kwetu, asubuhi akayafukua yakiwa bado mekundu. Wanangu, ambao huelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, walikaa miguuni pa bibi yao, waliyemwita Koko, wakingoja viazi vitamu.

"Koko, is it ready?"

"Bado. Mukae."

Wakakaa. Mimi sikuliona hilo. Niliona mzee amepiga magoti mbele ya moto, na nikaona aibu. Kazi yangu ni kutunza wazee wa watu huko Arlington; wangu ningemwachaje apulize kuni Marekani? Kwetu, mtoto akifanikiwa, mama yake hukaa. Nikawasumbua mafundi mpaka hita mpya ikawaka, kisha nikawaambia jiko walichukue bure, waliondoe siku hiyo hiyo.

Mama alisimama na koleo la majivu mkononi.

"Na miye nitafanya kazi gani?"

"Pumzika, mama."

"Nani alikuambia nimechoka?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Joto likaenea kila chumba, na watoto wakaingia kila mmoja chumbani kwake, wakafunga milango. Mama alikaa, kama nilivyotaka. Nikirudi kutoka kazini namkuta kwenye kiti kile kile, amevaa koti, anasema anasikia baridi. Nilipandisha hita. Mchana alikuwa akienda kwenye miti nyuma ya nyumba, nami nikafikiri ananyoosha miguu.

Alifariki kabla baridi haijaisha. Moyo, daktari alisema. Nilichukia sana kusikia neno hilo.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyake niliinama chini ya kitanda. Vilikuwepo vijiti, mafungu kumi na moja, kila fungu limefungwa kwa kipande cha kitenge. Alikuwa amevipanga, vyembamba mbele, vinene nyuma, vyote vikavu kabisa. Nilikaa sakafuni nimevipakata, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Nilitaka kuwasha hata fungu moja tu. Nyumba nzima haikuwa na mahali pa kuliwashia.