Kasimiri Amshika Mkewe Mchana Kweupe

Kasimiri, mkulima wa viazi wa pembeni ya Njombe, hakujua kuongea na mwanaume mwenzake bila kumshika mkono. Akikusalimu tu, mkono wako umeshakwenda. Utarudishiwa mazungumzo yakiisha, na mazungumzo ya Kasimiri hayaishi. Yeye na Abdulatif, mwenye lori linalobeba viazi vyake, walizunguka soko zima la Makambako wameshikana vidole kama watoto wa chekechea, huku Fidelia, mkewe, akifuata nyuma na kikapu.

Siku moja Fidelia akachoka. "Baba Linus, miaka yote hii hujawahi kunishika mkono mbele za watu. Huyo Abdulatif amekuzalia wangapi?"

Kasimiri akacheka. Fidelia hakucheka, na tangu hapo akawa anamjibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nyumba ikawa na baridi kuliko Njombe yenyewe ya mwezi wa saba. Kasimiri akaogopa kweli, maana bila maneno ya mke huyu alijiona kama mpangaji.

Basi safari iliyofuata, waliposhuka stendi ya Makambako, akajikaza kiume, akamshika mkono. Jasho likamtoka.

Ida, muuza mahindi ya kuchoma, akaacha jiko lake. "Kamwene, Mama Linus! Pole jamani. Amepatwa na nini?" Alimuuliza mke, maana huko mwanaume anayetembea kashikwa mkono na mkewe ni mgonjwa, au macho hayaoni tena. Dereva wa bodaboda akasogeza pikipiki. Mtu akaleta kigoda. Abdulatif naye akaruka kutoka kwenye lori, akaudaka mkono wa pili.

"Ndugu yangu! Panda, nakupeleka hospitali ya Ikonda sasa hivi!"

Watu wakajaa. Kasimiri akatamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo akasikia vidole vya Fidelia vikilegea taratibu. Alikuwa anamwonea huruma, anamwachia aende zake. Hilo lilimuuma Kasimiri kuliko aibu yote ile.

Akachomoa mkono, ule ulioshikwa na Abdulatif.

"Siumwi popote," akasema kwa sauti. "Nimemshika mke wangu."

Aliyecheka wa kwanza ni Fidelia. Akakaza vidole vyake, akamkabidhi Abdulatif kikapu.

"Shika, shemeji. Leo utafuata nyuma wewe."